Dagaa wa bahari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu samaki wadogo wanaolisha bahari

Majibu haya yanahusu samaki wadogo wa maji ya juu wanaovuliwa pwani ya Afrika Mashariki: dagaa mchele, dagaa papa (sehemu nyingine huitwa simu au saradini) na vibua. Yameandikwa kwa manahodha, wachemshaji, wanunuzi na wanakamati wa BMU (vikundi vya usimamizi wa uvuvi ufukweni) na kamati za wavuvi. Dagaa wa maziwa wametajwa pale tu ambapo habari yao inafaa huku pwani.

Dagaa si watoto wa samaki wengine?

Hapana. Dagaa ni samaki kamili mwenye aina yake. Dagaa mchele wa sentimita 6 au 7 anaweza kuwa mtu mzima mwenye mayai tumboni. Mwangalie kwa karibu: mwili unakaribia kupenyeza mwanga, ubavuni ana mstari wa fedha, na mdomo wake umepasuka hadi nyuma ya jicho. Dagaa papa ni mnene zaidi. Ukipitisha kidole tumboni kutoka mkiani kwenda kichwani utakwaruzwa na magamba makali yaliyojipanga kwenye mshono wa tumbo. Kibua ni wa ukoo wa jodari, na karibu na mkia ana vipezi vidogo 5 juu na 5 chini.

Swali lenyewe lina msingi, kwa sababu wavu wa dagaa ukitupwa mahali pasipofaa huleta vifaranga vya changu, tasi na kolekole humohumo ndani ya ndoo. Njia rahisi ya kuwatambua ni pezi la mgongoni. Dagaa ana pezi moja fupi, laini, lisilochoma. Ukichomwa na miiba ya mgongoni umeshika kifaranga cha samaki mwingine, ambaye angeachwa angefika kilo kadhaa.

Wana kazi gani baharini zaidi ya kuliwa?

Kuliwa ndiyo kazi yao kubwa, na haina mbadala. Uhai wa bahari ya wazi huanzia kwenye planktoni, yaani vijimea vya kijani visivyoonekana kwa macho pamoja na vijidudu vinavyovila. Jodari hawezi kuchuja vitu hivyo, wala nguru, wala pomboo. Dagaa anaweza, na akishawala anakuwa nyama inayoweza kukamatwa. Aina za dagaa katika eneo moja ni chache ukilinganisha na aina za planktoni zilizo chini yao na aina za samaki walio juu yao, kwa hiyo karibu chakula chote hupitia kwa hao wachache.

Hesabu inayotumika na wataalamu ni kwamba kila hatua ya kuliana hubakiza takriban asilimia 10. Kilo 1 ya jodari aliyekua kwa kula dagaa imetokana na kama kilo 10 za dagaa, na hao wametokana na kama kilo 100 za planktoni. Ni makadirio, lakini yanaeleza kwa nini mvuvi wa mshipi na mvuvi wa ringi (wavu wa kuzungusha kundi), ambao mara nyingi hugombana dikoni, yaani mahali vyombo vinaposhusha samaki, wanavua bahari moja. Nguru, sehewa, mzia, kolekole na sulisuli wote wanafuata makundi ya dagaa. Mtu anayerambaza, yaani anayevuta mshipi nyuma ya chombo, huangalia wapi ndege wanapiga mbizi, maana ndege nao wanamfuata dagaa anayesukumwa juu na jodari.

Ndege hao wana makao. Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kisicho na watu kusini-mashariki ya Unguja, ni mazalio ya ndege wa bahari. Visiwa vya Kiunga, kaskazini mwa Kenya, ni mazalio ya membe. Ndege anayelea kinda hawezi kusafiri mbali kutafuta chakula: dagaa wakihama kilomita chache, kinda hufa hata kama bahari nzima bado ina samaki.

Wanazaa haraka na kwa wingi. Wanawezaje kuisha?

Dagaa mchele huishi takriban mwaka mmoja tu. Maana yake ni kwamba wa mwaka huu karibu wote ni wazao wa msimu uliopita, na hakuna akiba ya wakubwa ya kuziba pengo. Changu wakikosa kuzaa vizuri mwaka mmoja, wale wa miaka 5 bado wapo. Dagaa wakikosa, ndoo zitaonyesha mwaka unaofuata.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Peru. Mwaka 1970 wavuvi wa huko walipata zaidi ya tani milioni 12 za dagaa wao waitwao anchoveta. Uvuvi ulikuwa umepita kiasi, kisha El Niño ya 1972 na 1973 ikaleta maji ya moto yasiyo na rutuba. Mwaka 1973 mavuno yalishuka hadi karibu tani milioni 2. Namibia hali ilikuwa mbaya zaidi. Saradini wao walifikia karibu tani milioni 1.4 mwaka 1968, wakaporomoka, na mpaka leo hawajarudi. Sehemu ya nafasi yao ilichukuliwa na konyeza, chakula ambacho pengwini na ndege wengine hawanufaiki nacho. Serikali ya huko ilisimamisha uvuvi wa saradini mwaka 2018.

Kinachowapoteza watu ni kwamba dagaa hupungua bila mvuvi kuona. Samaki hawa hukaa makundi. Wakipungua, makundi hupungua idadi lakini kila kundi linabaki nene vilevile, na ringi ikilizunguka kundi moja ndoo zinajaa kama kawaida. Kinachobadilika ni muda wa kulitafuta kundi na mafuta yanayoteketea. Kwa hiyo nahodha anayesema "dagaa wapo, juzi tu tulijaza" hasemi uongo, ila alichokiona hakitoshi kuamulia. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo lisiloeleweka kuliko yote katika uvuvi huu, na majibu mengi yaliyobaki yanalitegemea.

Mbona mwaka mmoja wanajaa na mwingine hawaonekani?

Kwa sababu chakula chao kinategemea upepo. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huenda kasi na bahari huchafuka. Wakati wa kaskazi hupungua nguvu, na kule kaskazini mwa Kenya hukutana na mkondo unaoshuka kutoka Somalia, hapo maji ya chini yenye rutuba hupanda juu. Pepo zikichelewa au bahari ikipata joto lisilo la kawaida, planktoni hubadilika mahali na wakati, na dagaa hufuata.

Kwa hiyo usilinganishe Agosti na Januari. Linganisha Januari na Januari.

Kwa nini wanavuliwa gizani, na taa zina ubaya gani?

Taa huvuta planktoni na dagaa huja nyuma yake. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, ndiyo maana siku zinazozunguka mwezi mpevu watu hupumzika na kushona nyavu. Utaratibu wa kawaida ni huu: kidau cha taa hutangulia na kutia nanga jioni, huwasha kwa saa kadhaa hadi samaki wakusanyike, kisha taa hupunguzwa moja moja ili kundi libane. Hapo chombo kikubwa huzungusha wavu, na kamba inayopita kwenye pete za chini huvutwa ili samaki wasitoroke kwa chini.

Ubaya unaanza pale taa zinapowashwa kwenye maji mafupi. Karibu na miamba, nyasi za bahari au midomo ya mito yenye mikoko, taa ileile huvuta vifaranga vya samaki wa mwambani. Wavu ukigusa chini huko huvunja matumbawe na kurarua nyasi, nao wenyewe hupasuka, na kushona ringi iliyochanika ni kazi ya siku kadhaa za watu wengi. Kosa la pili ni kuongeza taa kila mwaka. Wa kwanza akiongeza anapata zaidi, wengine wakiongeza mnarudi mlipokuwa, isipokuwa sasa kila mmoja ana deni la betri na jenereta.

Wavu wa dagaa una matundu madogo. Si ndio uvuvi haramu?

Si lazima. Dagaa hawezi kuvuliwa kwa jarife, wavu wa matundu makubwa. Kanuni huruhusu matundu madogo kwa samaki huyu lakini huweka masharti ya ukubwa wa tundu, kina cha maji, saa na mahali. Tundu hupimwa wavu ukiwa umelowa na kuvutwa, kutoka fundo hadi fundo, wala si kwa kutazama lebo ya dukani. Pima matundu kadhaa mfululizo sehemu mbalimbali za wavu, maana fuko la katikati mara nyingi ndilo lenye matundu madogo zaidi.

Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya zina sheria tofauti. Wavu uliokatiwa leseni Bagamoyo usidhani umeruhusiwa Nungwi au Vanga. Muulize ofisa uvuvi wa diko unalokwenda kabla ya kununua, kwa sababu ringi ikishakamatwa hasara yake hairudi.

Chandarua cha mbu na juya la kukokota ufukweni ni habari nyingine kabisa. Hivyo husomba kila kitu kwenye mazalio.

BMU yetu haina mtaalamu. Tunaweza kupima wenyewe?

Mnaweza, na kwa dagaa vipimo vya dikoni ndivyo vinavyotangulia kuonyesha shida. Mnahitaji ubao wenye rula na kizuizi upande mmoja, mizani ya kuning'iniza, beseni, daftari na mtu mmoja anayeandika bila kuchoka.

Chagueni usiku tatu katika kila giza, yaani kipindi cha usiku usio na mbalamwezi: mwanzo, katikati na mwisho. Chombo kikishusha, chukueni kopo moja la samaki kutoka ndoo za mwanzo, moja za katikati na moja za mwisho. Changanyeni kwenye beseni, toeni samaki 100 bila kuchagua. Mkono wa mtu hupenda kushika wakubwa, kwa hiyo chukueni samaki wote wa upande mmoja wa beseni, msidonoe. Pimeni kutoka ncha ya mdomo hadi kwenye panda ya mkia, na muandike kwa nusu sentimita. Kisha pasueni matumbo 20: mayai ya rangi ya njano au machungwa ni jike aliyekomaa, shahawa nyeupe ni dume aliyekomaa, asiye na mayai wala shahawa ni mchanga. Kwa vibua kumbukeni kuwa wengi hukomaa wakikaribia sentimita 20. Diko linalouza vibua wa kiganja usiku baada ya usiku linauza ambao hawajazaa hata mara moja.

Halafu andikeni juhudi: vyombo vilivyotoka, taa ngapi, saa ngapi ziliwaka, wavu ulitupwa mara ngapi, na lita za mafuta. Lita za mafuta kwa kila ndoo ndicho kipimo tunachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ya lile jambo la makundi: ndoo zinaweza kubaki zilezile huku lita zikipanda kutoka msimu hadi msimu. Daftari nyingi huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, usiku wa mikono mitupu hauandikwi, kwa hiyo wastani unatoka mzuri kuliko ukweli. Ya pili, "ndoo" haina uzito mmoja. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa kwa kilemba si sawa na iliyokatwa usawa wa mdomo. Pimeni ndoo 5 kwenye mizani kila giza mpate wastani wenu.

Mkiwa na daftari la misimu miwili, pelekeni nakala kwenye taasisi ya utafiti wa uvuvi kulingana na mlipo: TAFIRI (Tanzania Bara), ZAFIRI (Zanzibar) au KMFRI (Kenya). Taasisi za utafiti huwa na vyombo lakini hazina watu wa kukaa dikoni kila giza, kwa hiyo daftari lililotunzwa vizuri lina thamani kwao.

Tuache kiasi gani baharini?

Mwaka 2011 mtafiti Philippe Cury na wenzake walichambua mifumo 7 ya bahari na aina 14 za ndege, wakaona kuwa samaki wadogo wakishuka chini ya theluthi moja ya wingi wao mkubwa uliowahi kuonekana, ndege huanza kushindwa kulea makinda. Mwaka uliofuata kikosi cha wanasayansi cha Lenfest kilipendekeza tahadhari zaidi: pale ambapo taarifa ni chache, zaidi ya robo tatu ya wingi wa asili uachwe majini na uvuvi mpya usianzishwe. Kilikadiria pia kwamba duniani samaki hawa wana thamani karibu mara mbili wakibaki majini kama chakula cha samaki wengine kuliko wakivuliwa.

Si wote wanaokubaliana. Mtafiti wa uvuvi Ray Hilborn na wenzake walijibu mwaka 2017 kwamba samaki hawa hupanda na kushuka wenyewe hata bila kuvuliwa, na kwamba wanyama wengi hula wale wadogo kuliko wanaonaswa na wavu. Hoja ina uzito. Lakini mzozo huo ni wa nchi zenye meli za utafiti zinazopima wingi kila mwaka. Penye daftari la dikoni tu, busara ni kutoongeza vyombo wala taa mpaka vipimo viseme.

Kufunga uvuvi kwa miezi kadhaa kunasaidia?

Kunasaidia kukiangukia wakati wa kuzaa au wa vifaranga, na kama pande zote zinafunga pamoja. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, kwa sababu dagaa na migebuka hawajui mpaka. Dagaa wa baharini nao huvuka kati ya Tanga, Pemba na Vanga.

Peru wanatumia njia nyingine inayofaa kuigwa: anchoveta chini ya sentimita 12 ni mchanga, na wachanga wakizidi asilimia 10 eneo hufungwa. Mwaka 2023 msimu wa kwanza wa kaskazini na kati ulifutwa kwa sababu wachanga walikuwa wengi mno. BMU inaweza kuweka kizingiti chake yenyewe: vifaranga vya samaki wengine wakifika idadi fulani katika wale 100 wa beseni, taa zihamie maji marefu zaidi kwa giza lililobaki.

Kufunga bila mpango wa kipato huishia watu kuvua kwa siri na chandarua.

Tunaweza kupata zaidi bila kuvua zaidi?

Ndiyo, jikoni na kwenye vichanja. Tuseme ndoo 1 kati ya 4 inaharibika wakati wa masika. Ili kufidia, inabidi kuvua theluthi zaidi. Kuokoa ile ndoo ni nafuu kuliko mafuta ya kuitafuta nyingine.

Dagaa wachemshwe haraka. Tumbo lililopasuka kabla ya kupikwa ni alama kwamba walikaa juani au kwenye ndoo muda mrefu, na waliokuwa wameshiba hupasuka upesi zaidi. Waoshe kwa maji safi ya bahari, chemsha kwenye maji ya chumvi dakika 2 hadi 5 kulingana na ukubwa, uwaepue pale jicho linapokuwa jeupe. Maji yakishakuwa mazito na yenye povu, yamwage. Wengi huyatumia kutwa nzima, kisha wanashangaa dagaa wa mchana kuwa weusi na wenye harufu. Kuni zisiwe za mikoko. Ukikata mikoko unakata mahali vifaranga wanapojificha.

Anika kwenye kichanja cha wavu chenye urefu wa kiuno, tabaka moja, na ugeuze. Mchangani dagaa hushika mchanga na hakauki upande wa chini. Hesabu ya uzito ni hii: samaki mbichi ana takriban asilimia 75 ya maji, kwa hiyo kilo 100 zikikaushwa hadi asilimia 15 zinatoa kama kilo 29. Ukiishia asilimia 30 utapata karibu kilo 36, na ndipo tamaa inapoingia. Zile kilo za ziada ni maji, na gunia litaota ukungu kabla ya kufika Lubumbashi, Kongo. Dagaa aliyekauka huvunjika kwa sauti, na ukimfumbata kiganjani kisha ukafungua, hawagandamani.

Mtu amekula vibua akavimba uso na kuwashwa. Ni mzio?

Huenda ni histamini. Vibua, dagaa papa na jodari wakikaa kwenye joto, bakteria hugeuza protini yao kuwa sumu hiyo. Uso huwa mwekundu, kichwa huuma, moyo huenda mbio, ndani ya dakika chache hadi saa chache. Kuchemsha, kukaanga au kukausha hakuiondoi. Kinga ni barafu tangu chomboni: kwa joto letu, kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Mwenye dalili za kupumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja.

Ni haki kuwalisha kuku?

Vichwa, vipande na waliovunjika, sawa. Kilo 1 ya unga wa samaki hula takriban kilo 4 hadi 5 za samaki wabichi, na dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake humpa mtoto kalisi, chuma, zinki na vitamini B12 kwa bei ambayo nyama haiwezi. Huko Senegali, Gambia na Mauritania viwanda vya unga vimegombania samaki hao na wakaushaji wa mitaani, na bei ya samaki wa chakula ikapanda.

Mfugaji anayenunua dagaa wa chakula cha kuku amimine kiganja kimoja kwenye glasi ya maji na kukoroga. Mchanga utakaotua chini ndio anaoulipia.

Papa potwe ameingia kwenye ringi yetu Mafia. Tufanye nini?

Zimeni taa, acheni kuvuta kamba ya chini, shusheni kamba ya maboya upande mmoja na mumpe njia. Msimfunge mkiani wala kumburuta. Ni mpole, lakini uzito wake unaweza kupasua wavu na kupindua kidau. Kati ya Oktoba na Februari wanaonekana zaidi karibu na Kilindoni, wakifuata uduvi na samaki wadogo, kwa hiyo katika miezi hiyo tazameni maji kabla ya kuzungusha. Akionekana juu, subirini apite, kwa kawaida hakai sana penye taa zilizozimwa.